Mtoto anataka kusoma sayansi ya kompyuta nje: pigeni hesabu ya mwaka wa mwisho kabla ya kuuliza jina la chuo

Mtoto wa Wete (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Kila mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumui. Wiki hii nimepigiwa na watu wanne kutoka Pemba na swali lao ni moja: mtoto kafaulu, anataka kusoma kompyuta nje, chuo gani kizuri? Mmoja wao ni dada yangu wa tumbo moja. Barua ya chuo anayo mkononi, na amepewa siku tisa alipe dola 500 za kushikia nafasi. Nimeona niandike hapa yote nnayoyajua, asome yeye na wasome wengine, na wenye kujua zaidi waniongezee.

Mimi nilisomeshwa kwa karafuu. Mwaka 2012 nilipelekwa nchi moja ya Asia na wakala aliyekuwa na ofisi yake mjini Unguja. Bei aliyomtajia baba ilikuwa dola 2,800 kwa mwaka, na dakhalia imo ndani yake. Baba akazidisha kwa miaka mitatu, akayatazama mashamba yake, akasema inshaallah zitatosha. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni bei ya mwaka wa kwanza, imeshapunguzwa ili tuingie. Mwaka wa pili punguzo likaondoka. Kibali cha kuishi kikataka kuhuishwa kwa pesa, bima ya afya pesa, na somo moja nililofeli nikalilipia upya. Na mwaka ule ule mikarafuu ikagoma. Wapemba wenzangu mnajua, mkarafuu ukizaa sana msimu huu, msimu ujao unaweza kukupa majani matupu. Chuo hakilijui hilo, tarehe ya ada ni ile ile.

Lakini lililonikata maini zaidi ni masomo yenyewe. Programu niliyoandikishwa ilikuwa na neno kompyuta kwenye jina lake. Ndani mlikuwa na uhasibu, masoko, uendeshaji wa ofisi, na masomo mawili tu ya kuandika programu. Nilipogundua nikahama, na chuo cha pili wakanikubalia masomo sita kati ya kumi na manane niliyokwisha kuyasoma. Baba akauza shamba la Mtambwe ili nimalize. Nimemaliza, Alhamdulillahi, na kazi yangu leo ni hiyo hiyo ya kuandika programu. Shamba lile lina mwenyewe mwengine sasa, na nikenda kwetu nnapita pale pale.

Tuanze na hesabu basi, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wanapofungwa macho. Usiulize ada kiasi gani. Uliza: mpaka siku mtoto anavaa joho nitakuwa nimetoa kiasi gani? Shahada ya kwanza Uturuki na China ni miaka minne, na ukiweka mwaka wa lugha inakuwa mitano. Sehemu kubwa ya Ulaya ni mitatu. India ipo ya mitatu na ipo ya minne. Mwaka mmoja wa nyongeza ni mwaka mzima wa chakula, nyumba, bima na kibali. Andika kila kimoja kwa sarafu ya nchi ile, kigeuze dola, kisha shilingi, na juu yake ongeza akiba. Sisi tunapokea shilingi na ada inadaiwa kwa dola. Shilingi ikiteremka, ada imepanda ingawa chuo hakijagusa bei yake.

Halafu kiandikie chuo chenyewe, kwa anwani iliyopo kwenye tovuti yao, si kupitia simu ya wakala. Waulize kwa maandishi mambo mawili: ada ya mwaka wa pili mpaka wa mwisho kwa mwanafunzi wa kigeni ni kiasi gani, na punguzo hili linaendelea kwa sharti gani la alama. Barua pepe ile iweke. Wakijibu "atakujibu wakala wetu", mimi kwa upande wangu ningeishia hapo.

Na msihesabu kibarua cha mtoto. Nnasikia sana hili: akifika atafanya kazi, atajilipia. Malaysia mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, tena wakati wa likizo inayozidi siku saba tu, na katika kazi za aina chache zilizotajwa. Muhula ukiwa unaendelea hana ruhusa. Nchi nyengine ni nafuu zaidi, lakini sayansi ya kompyuta ina kazi za mikono za kila wiki, usiku anakesha na programu inayokataa kwenda. Mtoto anayeosha vyombo mpaka saa nane hawezi hayo mawili pamoja.

Jambo la pili ni karatasi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayoitazama shahada yake akirudi. Watu wanaikumbuka wakati wa kurudi, mtoto ameshaomba kazi serikalini ameambiwa alete uthibitisho. Nendeni mwanzo, kabla ya dola ya kwanza. Kiwango cha chini cha kuingia shahada nchini ni prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili ya kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wakala akisema kule wanachukua hata asiyefika hapo, muulize na huku akirudi itakuwaje. Kila nchi pia ina chombo chake. India, tume yao ya vyuo vikuu, UGC, hutangaza orodha ya vyuo vya uongo, majina na miji yao. Inatafutwa kwa dakika mbili. Malaysia kuna daftari la MQA, na lina kila programu iliyopewa ithibati, si jina la chuo tu. Uturuki ni YÖK.

La tatu ndilo nnalolipenda. Fungueni orodha ya masomo, muhula kwa muhula. Sayansi ya kompyuta ya kweli ina miundo ya data na algorithimu, mifumo endeshi, mitandao, hifadhidata, usanifu wa kompyuta yenyewe, na nadharia inayoeleza kompyuta inaweza kukokotoa nini na nini haiwezi. Ina hesabu nyingi: kalkulasi, aljebra ya mstari, takwimu, na zile za mantiki, seti na grafu. Usipoyaona hayo, hiyo ni TEHAMA ya maofisini au biashara yenye kompyuta. Si vibaya, wapo wanaozitaka na wanaishi vizuri, lakini mtoto ajue anakwenda kusoma nini. India hasa kuwa macho: BTech ya sayansi ya kompyuta ni miaka minne ya uhandisi, BCA kwa kawaida ni mitatu na ni ya matumizi ya kompyuta. Mawakala wanaziita zote "kompyuta".

Siku hizi pia kila chuo kina programu ya akili mnemba. Tazameni hesabu zilizomo. Akili mnemba bila takwimu na aljebra ni kufundishwa kubonyeza.

Nimeandika sana. Karibuni.

---

Mama wa Chake

Waalaykum salaam kaka. Umenigusa. Mwanangu yuko Unguja kwa baba yake mdogo, kamaliza PCM: fizikia C, kemia D, hesabu C. Wakala kampa nafasi Kupro, anasema ni Ulaya, ada nafuu, kupita Istanbul. Nyumba nzima inafurahi. Wewe unasemaje?

---

Mtoto wa Wete

Dada'ngu, matokeo ya mtoto ni mazuri, hongereni. Kwanza tujue Kupro ipi. Kisiwa kile kimegawika. Kusini ni Jamhuri ya Kupro, mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Kaskazini ni eneo ambalo Uturuki peke yake ndiyo inayolitambua kuwa nchi. Ukiambiwa unapita Istanbul, basi karibu hakika ni kaskazini, maana ndege zake zote zinapitia Uturuki. Kwa hiyo si Ulaya kwa maana anayoikusudia mtoto: viza yake haimfikishi Ujerumani wala Ufaransa. Tanzania haina ubalozi kule, mtoto akipata shida ya kibali au akiugua hana mlango wa kubisha. Wako waliosoma kule wakamaliza salama, sitasema uongo. Wako pia Waafrika wengi walioahidiwa kazi, wakakuta ada imewazidi na kibali kimekatika. Kwa prinsipo hizo mwanao ana milango mingi iliyo bora. Msilipe.

---

Mama wa Chake

Tumeshalipa dola 200 za fomu.

---

Mtoto wa Wete

Ziacheni ziende, dada. Pole sana. Baba yangu alilipa mwaka wa pili kwa sababu alishalipa wa kwanza.

---

Ankara mwaka wa tatu

Salaam kwa wote. Shikamooni wakubwa. Mimi mtoto wa Mkoani, nimesoma skuli ya Fidel Castro, sasa nipo Ankara kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları. Naeleza ninavyoujua.

Kuomba ni bure. Mtu akikudai pesa ya kuombea ufadhili huu, huyo anakula pesa yako. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari, yaani wakati kidato cha sita hawajafanya hata mtihani. Wengi kwetu hungoja matokeo ya Julai, na Julai dirisha lina miezi mitano limefungwa. Anayemaliza mwaka ule anaruhusiwa kuomba kabla ya matokeo. Kwa shahada ya kwanza uwe hujafikisha miaka 21. Ukipata, ada, hosteli, bima, posho ya mwezi, tiketi ya kwenda na kurudi na mwaka wa Kituruki vyote ni vyao.

Mwaka wa Kituruki msiuchukulie mwepesi. Vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza kama ODTÜ na Boğaziçi vipo, lakini vyengine vingi vinafundisha kwa Kituruki au vinachanganya. Mimi nasoma kwa Kituruki. Muhula wa kwanza wa algorithimu nilikuwa naelewa ubao lakini simwelewi mwalimu. Niliokoka kwa sababu msimbo wa programu ni msimbo, alama za lugha ya kompyuta ya C hazina Kituruki. Mwenzangu aliyeletwa na wazazi wake kwa kujilipia hakufanya mwaka wa lugha vizuri, akaacha mwaka wa pili.

---

Mtoto wa Wete

Marahaba mwanangu. Hili la Januari liandikwe kwenye kila ubao wa tangazo wa kila skuli ya Pemba. Kijana wa kidato cha tano anayesoma hapa, wewe ndiye unayezungumziwa.

---

Maalim wa hesabu

Nnafundisha hesabu kidato cha tano na cha sita, Pemba. Nataka kuongeza jambo ambalo wazazi hawalipendi.

Kila mwaka nnaona watoto wanaoomba sayansi ya kompyuta kwa sababu wanaipenda simu. Kuipenda simu na kuipenda kazi ya kuitengeneza ni mambo mawili. Kabla ya kutuma mtoto maelfu ya maili, mpimeni hapa hapa. Chuo Kikuu cha Harvard kina kozi ya utangulizi inaitwa CS50, yote iko bure kwenye intaneti: mihadhara, mazoezi, na unaandikia msimbo kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Inaanza na Scratch, lugha ya kuandika programu kwa kupanga vipande vya picha, ambayo hata mtoto mdogo anaiweza, kisha inaingia kwenye lugha ya C. Wiki ya nne ni ya kumbukumbu ya kompyuta na pointa, yaani anwani za mahala data ilipokaa. Hapo ndipo wanapotengana. Yupo anayefunga na kurudi kwenye mpira, na yupo anayekuja kwangu asubuhi macho mekundu ananiambia, maalim, nimeipata. Huyo wa pili mpelekeni popote, hata chuo kikiwa cha kawaida atasoma.

Mwaka jana nilikuwa nao saba tuliofanya hivi katika chumba cha kompyuta cha skuli, baada ya alasiri, mashine nne. Watatu walifika mwisho. Mmoja wao alikuwa msichana aliyekuwa anataka famasia.

Na hesabu ya kidato cha sita ina uzito wake. Waliosoma masomo yenye hesabu nyepesi tu waangalie sharti la chuo kabla, wengine wanataka hesabu kamili.

---

Mkaazi wa Tunguu

Nawasoma nyote, lakini kwa nini nje? SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo Tunguu, Chuo Kikuu cha Zanzibar kipo hapo hapo jirani. Dodoma wana koleji nzima ya TEHAMA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, wana ya kwao Kijitonyama. Na tangu 2023 tunayo kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo, Wahindi wenyewe wanaililia. Mtu anapita mlango wa nyumba yake kwenda kutafuta maji kwa jirani.

---

Mtoto wa Wete

Kaka, nakubaliana nawe kwa mengi, na kama ningekuwa na uwezo wa kurudi 2012 ningemwambia baba tuanze na Dar. Mzanzibari akisoma Dodoma au Dar hana viza, hana kibali, mikopo ya elimu ya juu ipo, na akiumwa mamake anapanda boti ya asubuhi akamfuata. Shahada ya kwanza nyumbani, ya pili nje kwa ufadhili: mimi naona hiyo ndiyo njia iliyonyooka zaidi kwa familia ya kawaida, kwa sababu ufadhili wa shahada ya pili ni mwingi kuliko wa ya kwanza. Kinachohitajika ni mtoto asingoje kufundishwa kila kitu darasani, na akienda fildi aende mahali panapoandikwa programu kweli, si pahala pa kutengeneza printa.

Kuhusu Bweleo, watu wanaizungumza bila kuijua, basi niseme nnayoyajua. Ni kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India. Shahada ya kwanza waliyoanza nayo ni ya miaka minne ya sayansi ya data na akili mnemba, na cheti kinatoka IIT Madras yenyewe. Kuingia kuna mtihani wa mchujo na usaili, na mtihani ule si wa kupita kwa bahati. Ada iliyotangazwa ilipofunguliwa ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Zidisha kwa nne ni 48,000. Kwa hiyo kuwa hapa hapa Unguja, karibu na Fumba, hakuifanyi iwe nafuu kwetu. Bila ya ufadhili ni ghali kuliko vyuo vingi vya India kwenyewe. Mtoto mwenye hesabu nzuri ajaribu mtihani, na papo hapo aulizie ufadhili uliopo mwaka huo, kwa chuo na kwa Wizara ya Elimu. Nnafurahi sana kwamba mtoto wa kigeni anapanda ndege kuja Bweleo kusoma, na uchungu nilio nao ni kuona mtoto wa Bweleo hajui kuna mtihani.

---

Kijana wa Lumumba

Shikamoo. Mimi nimemaliza mwaka huu. Ujerumani wanasema ni bure, ni kweli?

---

Niko Ujerumani

Nimjibu mdogo wangu mimi.

Ada, vyuo vingi vya umma havitozi. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha München nacho kimeanza kutoza wageni. Kwengine unalipa mchango wa muhula tu, ambao mara nyingi una nauli ya basi na treni ndani yake.

Lakini viza inataka uoneshe pesa ya kuishi. Unafungua akaunti inayoitwa Sperrkonto, unaweka euro 11,904 za mwaka mzima kabla hujaondoka, na ukifika unatolewa 992 kila mwezi. Hicho ni kiwango cha tangu Septemba 2024, na hupanda. Pesa ni yako, lakini uwe nayo kwa pamoja. Hapo ndipo "bure" inapowashinda wengi wetu.

La pili, shahada ya kwanza ya kompyuta huku sehemu kubwa ni kwa Kijerumani, na wanataka Kijerumani cha juu, C1 kwa kawaida. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na nusu ukiwa na bidii. Za Kiingereza ni nyingi kwenye shahada ya pili. Tena uangalie kwenye anabin, hifadhidata yao ya mtandaoni ya vyeti vya nje, kama cheti chako cha kidato cha sita kinakuingiza moja kwa moja au unapitia mwaka wa matayarisho, Studienkolleg.

Kazi tunaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Mimi nnafanya kazi ya kujaribu programu kwenye kampuni ndogo, saa chache kwa wiki, na nimejifunza pale kuliko darasani. Lakini nimeipata mwaka wa pili, baada ya Kijerumani kukaa sawa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma tu na kuhesabu senti.

---

Nilikuwa Khartoum

Sijui kama pana nafasi ya hili, lakini nimeona hakuna aliyelitaja. Nilikuwa mwaka wa tatu Khartoum vita vilipoanza, Aprili 2023. Wazanzibari tulikuwa wengi pale, tangu zama za kaka zetu. Serikali ilitutoa, Mungu awalipe. Nilirudi na begi moja. Chuo kimefungwa, ofisi ya masajili haina mtu, na mimi sina transkripti hata ya mwaka wa kwanza. Kila nilikokwenda niliambiwa nilete ushahidi wa masomo niliyosoma. Nimeanza upya mwaka wa kwanza.

Ninachowaomba wadogo zangu: kila muhula ukimalizika, chukua transkripti yenye muhuri, ipige picha, itume kwenye barua pepe yako na kwa mzee wako nyumbani. Hifadhi na maelezo ya kila somo, lile karatasi linaloonesha mada zilizofundishwa. Waliokuwa Ukraine mwaka 2022 watawaambia haya haya.

---

Mtoto wa Wete

Allah akufanyie wepesi ndugu yangu. Wewe ndiye uliyetufundisha leo. Na hata bila ya vita, maelezo ya masomo ndiyo yangeniokoa mimi nilipohama. Kule walitaka kujua "kompyuta ya pili" niliyosoma ilikuwa na nini ndani, sikuwa na la kuwaonesha.

---

Bahari ya Mkoani

Na China je? Mtoto wa mjomba kaenda, naona anaishi vizuri.

---

Mtoto wa Wete

China ufadhili wa serikali yao ni wa kweli na wengi wetu wamepita. Kwa shahada ya kwanza jitayarishe kwa mwaka wa Kichina kisha masomo kwa Kichina. Jambo moja la mwanafunzi wa kompyuta: kule Google, YouTube na WhatsApp zimefungwa. Anayejifunza programu anatafuta majibu mtandaoni mara mia kwa siku, basi azoee mapema kutafuta kwa Kichina kwenye mitandao yao. Akiishika lugha, anafaidi sana, maana viwanda vya simu na vya chipu viko mlangoni.

---

Dada yake mleta uzi

Kaka, nimesoma yote, na mwanao nimemsomesha nikiwa nimekaa naye barazani. Nimefanya ulivyosema. Chuo nimekiandikia Jumatatu kwa anwani ya kwenye tovuti, wamejibu leo. Mwaka wa kwanza 2,900. Mwaka wa pili 4,600, na punguzo linabaki kwa mwenye alama za juu tu. Wakala hakulisema hilo hata siku moja. Dola 500 sijazitoa na sizitoi. Mtoto kanuna siku mbili, leo kaanza ile kozi ya maalim, yuko wiki ya kwanza.

Tumekubaliana aombe Dodoma na Dar sasa, na Januari aombe Uturuki ikiwa bado moyo wake uko huko. Ila tumekuta jengine. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamis, vyeti vya skuli Khamis. Na fomu zinataka jina la ukoo, sisi hatuna, tuna jina la mtoto, la baba na la babu. Tunajaza nini?

---

Mtoto wa Wete

Hilo limewachelewesha wengi, na afadhali umeliona leo. Jina la babu ndilo linalokaa kwenye nafasi ya ukoo. Mawili ya mwanzo yanakaa pamoja kwenye nafasi ya kwanza. Mpango huo huo uwe kwenye paspoti, kwenye fomu ya chuo, kwenye tiketi, kila mahala, herufi kwa herufi. Hiyo H na Kh msiiache hivyo. Vyeti vya mtihani ni vigumu kubadilika, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa ndicho kifuate vyeti vya skuli. Nenda ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii hapo Chake, chukua nakala za vyeti vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho chako na cha babake. Paspoti msiombe mpaka hilo limalizike, maana ikitoka na Hamis mtakuwa na kazi mara mbili.

---

Dada yake mleta uzi

Kesho nashuka Chake na gari ya saa moja. Mwambie baba aniombee dua, nimemwambia shamba la Kinyasini haliuzwi.